Darasa la Vichwa Vyepesi

Mwanaesha binti Aidarus hakuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo. Ndiye aliyekuwa akiosha maiti wa kike mtaani kwao, wakubwa kwa wadogo, na wapo waliofika mikononi mwake katika hali ambayo watoto wao wa kuwazaa walisimama mlangoni wameziba pua. Yeye hukunja mikono ya nguo yake, akapiga bismillahi, akaosha. Akirudi nyumbani hula wali wake kama mtu aliyetoka kutembea. Lakini siku ile ya darasa la vichwa vyepesi, alipofunuliwa sahani ya samaki wa kupaka, aliisukuma mbali kwa kiganja. Moyo ulimchafuka. Na kilichomchafua hakikuwa maiti. Alikuwa mtu mzima, hai, mwenye kofia ya vito ya kudariziwa kwa mkono na kanzu iliyopigwa pasi, anayeswali safu ya mbele, jina lake Bwana Taib bin Jamaldin.

Vita vya Wazungu vilikuwa ndiyo kwanza vimekwisha, na kila mmoja mjini alikuwa akitangaza jambo jipya. Shule moja ya wasichana nayo ikatangaza lake. Watoto walio wepesi wa kichwa watatolewa katika madarasa yao, wawekwe darasa la peke yao, wasomeshwe mpaka wawe waalimu. Watu wakaliita darasa la vichwa vyepesi, na jina likashika. Akaja Memsahibu wa Kizungu kutoka bara kuchagua watoto. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia chai, basi wakuu wa shule wakamtafutia mkalimani, na nani tena kama si Bwana Taib, karani wa forodha aliyestaafu? Kizungu chake kilisifika. Alikivaa mbele za watu kama anavyovaa joho siku ya Idi.

Mwanaesha alikuwa na mjukuu mmoja, Khairiya, mtoto wa miaka tisa, mwembamba, mwenye macho yasiyotulia. Mama yake, Tumu, alifariki mtoto angali ananyonya. Baba yake alikuwa bara kwenye kazi ya reli, ameoa huko, na mapenzi yake kwa binti yake yalikuja kwa njia ya salamu. Salamu ya mwisho ilisema hivi: Khairiya akikaribia kuvunja ungo, shule basi, awekwe ndani, mume atatafutwa. Mwanaesha alimtumia jibu kwamba kuna darasa linalotoa waalimu. Yule bwana akafikiri, akaona kuitwa baba wa mwalimu kunapendeza masikioni, akasema akiingia darasa hilo aachwe asome. Asipoingia, neno lake ni lile lile. Kwa hiyo maisha ya mtoto yalikuwa yananing'inia kwenye kiti kimoja cha shule, na Mwanaesha alilijua hilo kuliko alivyokuwa anajua kitu kingine chochote wiki ile.

Sasa kuna ada moja ya mji ule. Mtu hamsifu mtoto wake mbele za watu. Mtoto mzuri huitwa kinyago, mnene huitwa ukuni, na aliyehitimu Kurani kabla ya wenzake mama yake atakuapia kwamba ni punda asiyejua alifu wala bee. Anayeuliza, kama amelelewa, husikia, akatabasamu, akasema mashallah, akaenda zake ameshajua alichotaka kujua. Haihesabiwi uongo. Ni pazia la mlangoni, la kuzuia jicho la hasidi lisiingie mpaka chumbani.

Mwanaesha alilishika pazia hilo kwa mikono miwili. Tumu wake alikwenda arusini Makadara, mwanamke mmoja akamshika msuko wake na kusema mbele ya watu wote kwamba nywele kama zile hajapata kuziona, wala hakutia mashallah. Haukupita mwezi, homa ikamchukua Tumu. Daktari alisema ni malaria. Mwanaesha alimsikiliza, akamshukuru, akaendelea kujua anachokijua. Basi Khairiya alilelewa kwa masharti mawili: usijionyeshe, na mtu mzima akisema, wewe nyamaza.

Siku ya mtihani watoto waliingizwa darasani na vibao vyao, wakapewa hesabu. Nje, barazani, akina mama walikaa kwenye ubao mrefu ndani ya mabuibui yao, wakipepeana na kuulizana hali. Kisha kila mtoto akaitwa ofisini pamoja na mkubwa wake, mlango wazi, Memsahibu mezani, Bwana Taib pembeni yake ameweka mguu juu ya mguu. Kila mama aliulizwa habari za mtoto wake, na kila mama alijibu kama alivyofunzwa na mama yake. Huyu wangu gogo. Huyu wangu hana analojua ila kula. Mmoja alimwita binti yake punda kwa sauti iliyofika barazani. Bwana Taib alifasiri, Memsahibu akacheka, mtoto akapewa nafasi. Mwanaesha aliyaona yote hayo kutoka alipokaa, akatulia moyo.

Mpaka ilipofika mchana nafasi ilibaki moja na watoto wawili: Khairiya, na Sheikha, mjukuu wa Bwana Taib mwenyewe.

Mwanaesha aliitwa. Akaingia, akatoa salamu, akauliza hali ya Memsahibu na safari yake, kama inavyotakiwa. Khairiya alisimama ubavuni mwake akitazama vidole vyake vya miguu. Juu ya meza palikuwa na vibao viwili vimewekwa pamoja. Memsahibu alisema maneno mengi, marefu, akivigusa vile vibao kimoja kimoja. Bwana Taib akayafupisha.

"Memsahibu yuwauliza, huyu mjukuu wako ni hodari wa hesabu?"

Mwanaesha akacheka kidogo ndani ya buibui, kicheko cha adabu. "Huyu? Huyu gogo, Bwana Taib. Hata vidole vyake hajui kuvihesabu. Mjinga tu, nimekuja naye basi."

Bwana Taib akageuka, akafasiri. Safari hii Memsahibu hakucheka. Aliuliza tena kitu, na Bwana Taib akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama mtu aliyekuja kutoa pole matangani. Memsahibu akakitenga kibao kimoja kando. Mwanaesha aliuona uso wake umejifunga, akadhani ndivyo nyuso za Wazungu zilivyo wakichoka. Akaambiwa aende, majibu yatakuja. Wakaifuata barabara ya Ndia Kuu mpaka nyumbani.

Majibu hayakungoja kuletwa. Yalipita mtaani kabla ya adhuhuri kuisha, yakafika kwa Hajrabai, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la nguo upande wa pili wa kichochoro, naye akayatoa dirishani kwake kwa huruma na kwa sauti kubwa. Sheikha wa Bwana Taib amepata nafasi ya mwisho. Khairiya amekosa, na si kukosa tu, ameonekana mwizi: amechungulia kibao cha Sheikha akanakili hesabu zote, mpaka na kosa lililokuwamo. Hajrabai mwenyewe alisema haamini. Lakini alisema haamini mara nyingi mno.

Mwanaesha alifunga dirisha. Akamweka Khairiya mbele yake mkekani, na ile sahani ya samaki ikiwa kati yao, akamwuliza kama ni kweli. Mtoto akatikisa kichwa. Akaulizwa basi imekuwaje, akanyamaza. Akaambiwa sema, nimekupa ruhusa, sema. Ndipo akasema, na alipoanza yakatoka mfululizo.

Kumbe Kizungu chote kilichosemwa ofisini alikielewa. Walifundishwa shuleni, naye alikishika. Bwana Taib alikuja darasani kabla ya mtihani, akamwinua Sheikha alipokuwa, akamketisha bega kwa bega na Khairiya. Sheikha akawa anachungulia na kuandika. Hesabu ya mwisho Khairiya aliikosea, na Sheikha akaikosea vile vile. Memsahibu alipoona vibao viwili vyenye kosa moja alijua mmoja ameiba. Akataka kujua kwa wakubwa wao ni yupi mwenye akili. Hilo ndilo swali. Bwana Taib alilikata, akamletea Mwanaesha kipande.

"Kisha akamwambia Memsahibu, nyanyake mwenyewe yuwasema hana akili, hawezi kuhesabu vidole," Khairiya akasema. "Memsahibu akauliza, una hakika? Akasema, maskini, ndivyo alivyo tangu kuzaliwa."

Mwanaesha akauliza, je, wale wengine? Aliyemwita mwanawe punda, yeye alifasiriwa nini?

"Wale alimwambia Memsahibu asiwasikilize. Akasema ndiyo ada yao, mama akimtukana mwanawe ujue ni hodari."

Hapo ndipo alipoisukuma ile sahani. Kama Bwana Taib angekuwa mjinga wa ada, mgeni aliyeshuka melini jana, Mwanaesha angeweza kumsamehe. Lakini mtu yule aliijua. Aliijua akaieleza vizuri asubuhi nzima, akawafaa wenziwe wote, kisha ilipofika zamu moja tu akajifanya haijui. Alilichukua neno la kumkinga mtoto, akamchinja nalo. Na kuhusu Sheikha wake, Khairiya alisema, alimwambia Memsahibu kwamba mtoto kama huyo hajazaliwa mwingine pwani hii. Alimsifu kwa Kizungu, labda alidhani kijicho hakijui Kizungu.

Na mama wa bwana huyo, Mwanaesha ndiye aliyemwosha. Mwezi wa Ramadhani, joto kali, Bwana Taib alisimama mlangoni analia kama mtoto, akamwita "mamangu" na kumwombea pepo. Mwanaesha alitazama mikono yake. Alitamani angeitia maji na sabuni, ingawa ilikuwa safi.

"Na weye," akamwambia mtoto, "wajua Kizungu chote hicho, mbona hukusema?"

Khairiya akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Mtu mzima alikuwa akisema, nyanya."

Mwanaesha akainuka na ile sahani. Paka akapewa samaki.

Asubuhi yake alijitanda buibui, akamshika mtoto mkono, wakatoka. Njiani alisoma Kul-audhu zote mbili, sura za kujikinga, akazirudia, akampulizia mtoto utosini mpaka wapita njia wakageuka kutazama. Hofu aliyokuwa nayo si ya Bwana Taib. Alikuwa anakwenda kumsifu mtoto wake kwa mdomo wake mwenyewe, mchana, mbele ya umati.

Walikuta ofisi imejaa. Mama wale wale walikuwa wamekuja kuandikisha watoto wao, na Bwana Taib yupo, ananukia uturi, Sheikha amesimama mbele yake katika gauni jipya. Bwana alipomwona Mwanaesha alitabasamu mpaka ufizi ukaonekana.

"Bi Mwanaesha. Hukupata habari? Yamekwisha jana."

Mwanaesha alimpita. Akasimama mbele ya meza, akamtazama Memsahibu usoni, na akasema polepole, kwa Kiswahili chepesi kabisa, kwamba jana alisema uongo. Mtoto huyu ana akili. Kisha, kwa kuwa ameshaingia majini, akaenda mbele. Anasoma barua za mtaa mzima. Hesabu hazifanyi kwa vidole, huziona tu. Husikia jambo mara moja likabaki. Kila neno lilimtoka kwa shida, akawa kama mtu anayevua nguo hadharani. Jasho lilimtiririka ndani ya buibui, lakini hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Memsahibu akamgeukia mkalimani wake. Bwana Taib akacheka kwa upole, akasema maneno machache ya Kizungu, akainua mabega. Memsahibu naye akatabasamu, tabasamu lile analopewa mzee aliyechanganyikiwa. Khairiya akalivuta buibui la nyanya yake.

"Amemwambia jana ulisema hivi, leo wasema hivi," akanong'ona. "Amemwambia wanawake wa huku husema lolote wapate kitu."

Mwanaesha akawageukia wale mama waliojaa nyuma yake. Wanawake saba wanane, wote aliwajua, wengine alikuwa amewaoshea mama zao. Kila mmoja jana alimtukana mwanawe kwa adabu ile ile, na kila mmoja alikuwa anaelewa vizuri kabisa kilichofanyika hapo. Akawaambia, nyinyi mwajua. Mmoja akaanza kurekebisha ukaya wake wa usoni. Mwingine akamfuta mwanawe pua isiyokuwa na kitu. Aliyesema punda akatazama dari. Watoto wao wameshapata nafasi, na Bwana Taib ni mtu mkubwa, nani atajitia? Mwanaesha aliona kinyaa kile cha jana kikienea chumba kizima, na kwa mara ya kwanza akajiona hana adabu aliyobakiza kwa ajili ya mtu yeyote mle ndani.

"Khairiya," akasema. "Mjibu."

"Nyanya, ni mtu mzima."

"Nimemwona. Mjibu."

Mtoto akainua uso. Akaanza kwa sauti ndogo, Kizungu cha darasani, kila neno limekaa mahali pake. Mwanaesha hakuelewa, lakini alifuata nyuso. Memsahibu aliweka kalamu chini. Shingo yake ikawa nyekundu, halafu mashavu. Alimwuliza Khairiya swali, akajibiwa. La pili, akajibiwa. Bwana Taib alitia neno katikati, na Memsahibu akainua mkono kumnyamazisha bila ya kumtazama. Akavifuta vibao viwili kwa mkono wake mwenyewe. Akamweka Khairiya pembe hii ya chumba na Sheikha pembe ile, migongo ikielekeana, akawaandikia hesabu mpya.

Khairiya aliinama akaandika. Upande wa pili Sheikha alishika kijiti chake cha kuandikia, akakishika, akakishika, na machozi yakaanza kudondoka juu ya kibao kitupu. Mwanaesha alimhurumia. Mtoto yule hakuwa na kosa. Hakuomba kuketishwa bega kwa bega na mtu. Babu yake ndiye aliyemleta pale kumvua nguo mbele za watu, na sasa hata leso ya kumfuta machozi hakumpa, maana alikuwa akitazama ukutani.

Memsahibu hakukaa sana na vile vibao. Alimwita Khairiya, akamwambia neno moja kwa Kiswahili chake cha chai: "Karibu." Akaliandika jina. Chumbani pakapita mnong'ono, na wale wanawake waliokuwa hawana ndimi wakazipata, wakaanza kusema walijua, walijua tangu jana.

Ndipo Bwana Taib akasimama. Akalinyosha joho lake. Alikuwa ametabasamu tena, na alimtazama Khairiya, hakumtazama Mwanaesha. Alimtazama kutoka utosini mpaka miguuni, akatua machoni, akakaa hapo. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika nje, kila neno kwa nafasi yake:

"Mtoto huyu ana akili kushinda watoto wote wa mji huu. Mimi nimesoma, nimetembea, na kitwa kama hiki sijapata kukiona."

Akaishia hapo. Hakutia mashallah. Alijua asichokitia, na kila aliyekuwa mle ndani alijua, isipokuwa Memsahibu. Mwanamke mmoja akaisema haraka chini ya ukaya kwa niaba yake, lakini kusemewa si kusema.

Maneno ya kale yalimjia Mwanaesha yenyewe mpaka kwenye meno: gogo huyu, punda huyu, kikaragosi asiyejua kitu. Mkono ulikuwa umeshainuka kumfunika mtoto kwa buibui. Akaona Memsahibu anatazama, anangoja, kalamu bado iko mkononi. Akaona Bwana Taib anangoja pia, amemtegea hapo hapo, kwamba atamtukana mtoto kwa mara nyingine na yeye atalifasiri tusi hilo.

Aliushusha mkono. Akayameza maneno yale yote.

"Maneno mazuri hayo, Bwana Taib," akasema. "Hayatoshi kuyasikia sisi peke yetu. Mfasirie Memsahibu."

Bwana Taib akautazama mlango. Memsahibu akamwuliza kitu, na hata asiyejua Kizungu alielewa kwamba anaulizwa amesema nini. Mwanaesha akamsukuma Khairiya hatua moja mbele, karibu na mdomo wa yule mzee, akamwambia asikilize vizuri, neno lisipungue.

Bwana Taib akafasiri.